Kivumishi cha Kiingereza « haphazard »: maana, matumizi na tafsiri yake kwa Kiswahili

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kongo anayesoma maandishi ya Kiingereza huyafikia baada ya kupitia lugha nyingine. Nyumbani husema Kiswahili au lugha ya wazee wake, shuleni hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza humjia kikiwa lugha ya tatu au ya nne. Kwa sababu hiyo, kila neno geni la Kiingereza hupimwa kwanza kwa kipimo cha Kifaransa. Mara nyingi kipimo hicho husaidia, kwa kuwa lugha hizo mbili zina maneno mengi yenye asili moja. Mara nyingine hupotosha. Kivumishi « haphazard » ni mojawapo ya maneno ambayo yamewapotosha wengi.

Kamusi ndogo hukieleza kwa maneno machache: bila mpango, ovyo, kwa bahati. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanachanganya mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga: jambo lililofanywa bila uangalifu, na jambo lililoachiwa bahati kwa makusudi na kwa utaratibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba « haphazard », katika matumizi yake ya kawaida, ni neno la lawama juu ya kazi isiyo na utaratibu, wala si jina la bahati yenyewe. Mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo ataharibu maana ya sentensi, na pengine ataharibu hata imani ya watu juu ya kazi inayoelezwa. Mfano wa mwisho wa makala, uliotoka Kivu ya Kaskazini, utaonyesha uzito wa jambo hilo.

1. Umbo na matamshi

Neno hili ni muungano wa maneno mawili, « hap » na « hazard ». Ni muhimu kulitambua jambo hilo mapema, maana msomaji aliyezoea Kifaransa akiona herufi p na h zimefuatana huzitamka f, kama katika neno « philosophie ». Hapa sivyo. Herufi p hufunga silabi ya kwanza, na h hufungua silabi ya pili, kama ilivyo katika neno « uphill », lenye maana ya kupanda mlima. Mkazo mkuu huwekwa juu ya silabi ya pili.

Kutokana na kivumishi hiki hupatikana kielezi « haphazardly » na nomino « haphazardness ». Kielezi hutumika sana. Nomino huonekana mara chache, kwani Waingereza wenyewe hupendelea kusema kwa urefu kidogo, « in a haphazard way », yaani kwa namna isiyo na utaratibu.

2. Asili ya neno

« Hap » ni neno la kale lililoingia katika Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia, ambao walivamia na kukaa katika sehemu kubwa ya Uingereza kabla ya mwaka 1066. Katika lugha hiyo, « happ » lilikuwa na maana ya bahati. Siku hizi neno hilo peke yake halisemwi tena, lakini wazao wake ni wengi: « happen », kutokea, « perhaps », labda, « mishap », ajali ndogo, « hapless », mwenye bahati mbaya, na hata « happy », mwenye furaha, ambalo hapo kwanza lilikuwa na maana ya mwenye bahati njema. Kifaransa kimepita njia iyo hiyo: « bonheur » ni furaha leo, lakini sehemu yake ya pili, « heur », ilikuwa ni bahati.

« Hazard » lina safari ndefu zaidi. Lilikuwa jina la mchezo wa kamari uliochezwa kwa dadu, na lilitoka Kifaransa cha kale, « hasard ». Katika karne ya 14, mshairi Chaucer aliutaja mchezo huo miongoni mwa maovu yanayowaangamiza watu. Wataalamu wengi huliona neno hilo kuwa na asili ya Kiarabu, wakilihusisha na « az-zahr », dadu, ingawa si wote wanaokubaliana juu ya njia iliyofuatwa. Lililo wazi ni kwamba baada ya mchezo kusahauliwa, Kifaransa na Kiingereza viligawana urithi. Katika Kifaransa, « hasard » likawa ni bahati, jambo lisilotazamiwa. Katika Kiingereza, « hazard » likawa ni hatari.

Kwa hiyo « haphazard », likichambuliwa vipande vipande, ni bahati juu ya bahati. Lilianza kama nomino katika karne ya 16. Katika mchezo wa kuigiza wa Kiingereza uitwao « Appius and Virginia », uliopigwa chapa mwaka 1575, mhusika mwovu anayewavuta watu kwenye dhambi anaitwa Haphazard. Inaonekana basi kwamba sauti ya lawama ilikaa karibu na neno hili tangu utoto wake. Matumizi yake kama kivumishi yalifuata katika karne ya 17, na ndiyo yaliyodumu.

3. Maana na matumizi ya leo

Asili ya neno haitoshi kueleza maana yake. Mtu anayesema leo « haphazard » hafikirii dadu wala bahati; anafikiria mpango uliokosekana. Yafuatayo ni mazingira ambamo neno hili hupatikana mara kwa mara:

a) Mpangilio wa vitu. Vitabu vilivyorundikwa rafuni bila kufuata jina la mwandishi wala somo ni « a haphazard collection ».

b) Namna ya kufanya kazi. Ofisi inayohifadhi barua leo katika kabati, kesho katika sanduku, kesho kutwa juu ya meza, ina « haphazard filing ». Barua hazikupotea kwa bahati mbaya. Zimepotea kwa sababu hakuna aliyeweka kanuni.

c) Ukuaji usioongozwa. Mji unaopanuka bila ramani, nyumba zikipanda mlimani kabla ya njia na mifereji, hukua kwa « haphazard growth ». Wakaaji wa Bukavu na Kinshasa wanaijua hali hiyo pamoja na mmomonyoko unaoifuata. Kifaransa cha Kongo huziita nyumba za namna hiyo « constructions anarchiques », na Kiswahili kina jina lake zuri: ujenzi holela.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, neno huelezea kazi, mpangilio au matokeo. Ni nadra kumwelezea mtu mwenyewe. Waingereza husema kwamba njia za mtu fulani ni « haphazard », lakini mtu mwenyewe humwita kwa jina jingine. Pili, katika mazingira mengi neno huchukua lawama, kwa kuwa hudokeza kwamba utaratibu ulihitajiwa na haukuwekwa. Mawe yaliyotawanyika ufukoni yanaweza kuitwa hivyo pasipo lawama, lakini hayo ni matumizi ya pembeni. Tatu, neno halina ndani yake maana ya hatari. Hapo ndipo Kifaransa kinapopotosha zaidi, maana « hasardeux » ni jambo lenye hatari, la kubahatisha. Biashara inaweza kuwa « hasardeuse » hali imepangwa vizuri sana; na daftari la mahudhurio linaweza kuwa « haphazard » bila kumhatarisha mtu yeyote. Kifaransa kinachokaribia zaidi ni « au petit bonheur », au maneno ya kawaida, « sans méthode ».

4. Majirani zake

Maana ya neno huonekana vizuri likiwekwa karibu na maneno yanayofanana nalo. Manne yanatosha.

« Slapdash » ni kazi iliyofanywa kwa haraka na uzembe. Fundi aliyepaka rangi ukuta kwa nusu saa na kuacha madoa sakafuni amefanya kazi hiyo. Kiswahili husema amelipua kazi. Uhaba wa muda ndio kiini chake, ambapo « haphazard » inaweza kuwa kazi ya miaka ishirini.

« Desultory » ni jambo linalorukaruka bila kufuata uzi mmoja, kama mazungumzo ya watu waliochoka. Asili yake ni Kilatini, « desultor », mpanda farasi wa michezo aliyeruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine.

« Arbitrary » ni uamuzi unaofuata matakwa ya mwenye mamlaka bila kutoa sababu. Kosa lake ni ubabe. Mtawala anaweza kuwa na mpango kamili, na uamuzi wake ukabaki « arbitrary ».

« Random » ndilo jirani wa karibu zaidi na wa hatari zaidi kwa mfasiri. Lilitokana na Kifaransa cha kale, « randon », mwendo wa mbio na nguvu, kama wa farasi aliyeachiwa hatamu. Katika mazungumzo ya kila siku bado hutumika kwa maana ya jambo lisilo na mpango, na vijana hulitumia kwa jambo lolote la ajabu lisilotazamiwa. Lakini katika takwimu na sayansi limepata maana maalumu: uteuzi ambamo nafasi ya kila mmoja kuteuliwa inajulikana, na hakuna mtu, hata mteuzi, awezaye kuuongoza. Ili kupata uteuzi wa namna hiyo hutakiwa kazi nyingi na kanuni kali. Mwaka 1927 mtaalamu wa takwimu L. H. C. Tippett alitoa kitabu chenye tarakimu 41,600 zilizokusanywa ili watafiti wazitumie katika kuteua sampuli, maana ilikwisha kuonekana kwamba mkono wa mwanadamu, ukiachwa uchague wenyewe, una upendeleo usiojijua.

Kwa hiyo, katika lugha ya sayansi, maneno haya mawili yanakaribia kuwa kinyume. Sampuli iliyo « random » imepatikana kwa utaratibu. Sampuli iliyo « haphazard » imepatikana kwa kuwachukua watu waliopita njiani, au waliokuwa karibu na mlango.

5. Mfano wa Marekani, 1969

Tofauti hiyo ilionekana wazi Marekani tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam. Serikali iliamua kwamba vijana waliozaliwa kati ya mwaka 1944 na 1950 wataitwa jeshini kwa kufuata kura ya siku ya kuzaliwa. Vidonge 366 vya plastiki vilitayarishwa, kila kimoja kikiwa na siku moja ya mwaka ndani yake. Siku iliyotolewa kwanza ilipewa namba 1, na vijana waliozaliwa siku hiyo wangeitwa mbele ya wengine. Siku hiyo ilikuwa 14 Septemba.

Nia ilikuwa kutenda haki kwa wote. Lakini vidonge vilitiwa sandukuni mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, kisha havikuchanganywa vya kutosha. Matokeo yalipopimwa, ilionekana kwamba siku za Januari zilipata namba za wastani wa 201 hivi, na siku za Desemba wastani wa 121 hivi. Ilhali wastani wa siku zote ni 183 na nusu. Waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walielekea kuitwa mapema zaidi. Kura iliyotakiwa kuwa « random » ilikuwa imefanywa kwa namna « haphazard ». Katika kura ya mwaka uliofuata utaratibu ulibadilishwa, na majedwali ya tarakimu yakatumiwa kupanga siku na namba kabla ya kuzitia katika mapipa mawili.

Mfasiri ambaye angetumia neno « ovyo » kwa maneno yote mawili asingeweza kuieleza habari hii. Angelazimika kuandika kwamba kura iliyotakiwa kuwa ya ovyo iliharibika kwa sababu ilifanywa ovyo.

6. Hazina ya Kiswahili

Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Maneno yake yanagawanyika katika makundi mawili, na mgawanyiko huo unalingana na ule uliokwisha kuelezwa.

Kundi la kwanza ni la utaratibu uliokosekana. « Ovyo » ndilo kubwa lao, na latumika kwa kazi, kwa maneno na kwa mwenendo. Umbo lake linakumbusha « vyovyote », yaani kwa namna yoyote itakayotokea. « Holela » na « kiholela » hufaa zaidi kwa mambo yanayohitaji ruhusa au mwongozo: ujenzi, bei za bidhaa, uuzaji wa dawa. « Shaghalabaghala » ni la vitu vilivyovurugika machoni pa mtu, kama nyumba iliyopekuliwa na wezi. « Bora liende » hutaja moyo wa mtendaji asiyejali kazi itakavyokuwa. Pale lawama isipohitajiwa, kuna « bila mpangilio » na « bila utaratibu ».

Kundi la pili ni la bahati. « Nasibu » ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwanza lilihusu fungu ambalo mtu amepangiwa. Limo katika « bahati nasibu », na wanatakwimu wamelichukua wakasema « sampuli nasibu ». « Sadfa » ni kukutana kwa mambo mawili pasipo kutazamiwa. « Kubahatisha » ni kujaribu bila kuwa na hakika. « Kura », nalo kutoka Kiarabu, ni chombo cha kuamua bila upendeleo. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka habari ya Mathiya, aliyeteuliwa kwa kura kuchukua nafasi ya Yuda. Hata hivyo, neno hili lina mtego wake. Tangu « kupiga kura » kulipokuwa jina la uchaguzi wa viongozi, msikilizaji aweza kudhani kwamba watu wamekaa wakapendekeza majina. Anayelitumia kwa maana ya kale hana budi kuongeza maelezo kidogo.

Mpaka kati ya makundi haya ni imara. Hakuna Mswahili anayeshangilia « ovyo » kama anavyoshangilia bahati, wala anayelaumu « nasibu » kama anavyolaumu uzembe. « Haphazard » ni la kundi la kwanza, na « random » ya kisayansi ni ya kundi la pili.

7. Uzito wa neno: Kivu ya Kaskazini, 2018-2019

Jambo hili lingeweza kuonekana kuwa la wanakamusi peke yao, kama si yaliyotokea mashariki ya Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka katika Kivu ya Kaskazini. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walifariki.

Katikati ya msiba huo ulifanyika utafiti wa dawa uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ukiongozwa nchini na taasisi ya INRB ya Kinshasa chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingizwa katika utafiti huo kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa nne zililinganishwa, na mgonjwa alipangiwa mojawapo kwa njia ambayo Kiingereza huiita « random ». Daktari hakuchagua, wala mgonjwa hakuchagua.

Sababu ya kufanya hivyo ni rahisi kueleza. Kama madaktari wangeachiwa kuchagua, huenda dawa moja ingepewa wagonjwa wenye nguvu na nyingine ingepewa waliokwisha kudhoofika, na mwishowe isingejulikana kama aliyepona ameponywa na dawa au na nguvu zake mwenyewe. Kwa kuwa upangaji ulikuwa wa nasibu, jibu lilikuwa wazi. Siku 28 baadaye, kati ya waliopata ZMapp walikuwa wamefariki asilimia 49.7, na kati ya waliopata remdesivir asilimia 53.1, lakini kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35.1, na kwa REGN-EB3 asilimia 33.5. Utafiti ulisimamishwa mwezi Agosti 2019, na tangu hapo wagonjwa wakapewa zile dawa mbili zilizoonyesha nguvu zaidi.

Sasa ifikiriwe familia iliyoketi nje ya kituo cha namna hiyo, katika nchi iliyochoshwa na vita na uvumi, ikielezwa kwa Kiswahili jinsi ndugu yao atakavyopangiwa dawa. Akiambiwa mzee wa familia kwamba dawa zinagawanywa ovyo, ana haki ya kusimama na kumchukua mgonjwa wake. Neno hilo linamwambia kwamba wenye kazi hawajali. Akiambiwa kwamba dawa hupangwa kwa nasibu, yaani kwa namna ambayo hakuna mtu awezaye kumpendelea huyu au kumnyima yule, amepewa habari ya kweli, na anaweza kukubali au kukataa akiwa anajua analolifanya.

8. Hitimisho

Anayekutana na « haphazard » katika maandishi ya Kiingereza na ajiulize kwanza: je, hapa palihitajiwa utaratibu ambao haukuwekwa? Jibu likiwa ndiyo, achague katika kundi la kwanza: ovyo kwa kazi na mwenendo, holela kwa mambo ya mji na biashara, shaghalabaghala kwa vitu, bila mpangilio pale pasipo na lawama. Asikubali kuvutwa na « hasardeux » ya Kifaransa, ambayo ni hatari, wala na « nasibu » ya Kiswahili, ambayo ni bahati. Akikutana na « random » katika maandishi ya sayansi, atumie nasibu na kuieleza kwa sentensi moja, kwa kuwa si wasomaji wote waliokwisha kulizoea neno hilo katika maana hiyo. Mwalimu wa tafsiri naye awape wanafunzi maneno haya mawili pamoja, katika somo moja, maana kila moja hueleweka vizuri zaidi likiwa karibu na lile lisilopaswa kuchanganywa nalo.